Kufundisha uandishi chuoni kwa mada ya chakula na kilimo

Mada ya chakula na kilimo ina mtego wake: kila mwanafunzi anaingia darasani akiwa na maoni tayari. Amekula, amesikia habari za mbolea na mbegu, ameambiwa nyama ni mbaya au ni nzuri. Kurasa zinajaa haraka, na mwalimu anaweza kudhani kazi inakwenda vizuri. Akikaa kusahihisha anakuta insha thelathini zinazofanana kama zimetoka mkono mmoja. Zinaanza na "kilimo ni uti wa mgongo", zinapita kwenye njaa, tabianchi na ajira kwa vijana, kisha zinaishia na "serikali iliangalie suala hili kwa jicho la pekee". Hakuna mwandishi kati yao aliyejifunza jambo ambalo hakulijua jana yake.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa somo la uandishi ambaye pengine hajawahi kusomea kilimo, wala halazimiki kukisomea. Kazi yake ni kuwazoesha wanafunzi mambo mawili: kukata mada hadi iwe ndogo kiasi cha kushikika, na kutoikubali namba yoyote kabla ya kujua imehesabu nini.

Ratiba ya muhula wa wiki 14

Kazi nne zinatosha. Wiki ya 1 hadi ya 3, mwanafunzi anaandika wasifu wa chakula kimoja kutoka shambani hadi mezani, maneno 600. Wiki ya 4 hadi ya 6, anachunguza namba moja maarufu na kuifuata hadi ilikotoka, maneno 800. Wiki ya 7 hadi ya 11 ni insha ya hoja ya maneno 1,500 yenye vyanzo vya maandishi na angalau mahojiano mamoja. Wiki tatu za mwisho ni za waraka wa ukurasa mmoja unaoelekezwa kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua jambo. Mgawo wa alama unaofaa ni 15, 20, 45 na 10 kwa kufuata mpangilio huo, na 10 zilizobaki ziende kwa rasimu na maoni ambayo mwanafunzi anawapa wenzake.

Usianze na insha ya hoja, hata kama mtaala unaipa uzito mkubwa. Mwanafunzi akitakiwa atoe msimamo wiki ya pili, atautoa ule aliokuja nao, na muda wote uliobaki atautumia kutafuta vyanzo vya kuutetea.

Darasa likizidi wanafunzi 25, tatizo ni kusoma rasimu. Insha 40 zenye rasimu mbili kila moja ni makaratasi 80, na hakuna anayeyasoma yote kwa umakini. Badala ya kusoma rasimu nzima, soma aya mbili tu: aya yenye dai kuu na aya iliyobeba ushahidi mzito zaidi. Wanafunzi wazichague wenyewe na kuziwekea alama. Ukiona dai na ushahidi wake havisalimiani, umeshajua yaliyomo kwenye aya nyingine.

Kukata mada

Mwanafunzi anakuja na "upotevu wa chakula". Hiyo ni maktaba nzima. Mpe maswali manne, ayajibu kwa maandishi kabla hajaruhusiwa kuendelea. Ni chakula au zao gani? Ni hatua ipi katika mnyororo: pembejeo, shamba, uhifadhi, usafirishaji, usindikaji, uuzaji, jikoni au taka? Nani anaamua katika hatua hiyo? Uamuzi wake unabadilisha kitu gani kinachoweza kupimwa?

Chukua nyanya. Hatua ni usafirishaji. Nyanya zikijazwa kwenye tenga lenye kina kirefu, za juu zinazikandamiza za chini, na fito za tenga zinazichuna ngozi. Nyanya iliyochunika inaanza kuoza na kuharibu jirani zake. Kreti ngumu za plastiki zina kina kifupi, zina matundu ya hewa, na zikipangwa moja juu ya nyingine uzito unabebwa na kuta za kreti. Basi kwa nini kila mtu asitumie kreti? Hapo ndipo insha inapoanza. Kreti ni mali, na baada ya safari lazima irudi tupu. Nani anailipia: mkulima, dalali au mwenye gari? Nafasi ya kreti tupu kwenye gari linalorudi inahesabiwa kwa nani? Anayepata faida ya nyanya zisizopondeka ndiye yuleyule anayelipa, au ni mwingine? Mwanafunzi aliyefika hapa ana swali linalomlazimu kwenda kuuliza watu, na kwa bahati nzuri ni swali ambalo hakuna insha ya kunakili mtandaoni inayolijibu.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama mada imekatwa vya kutosha. Kama mwanafunzi anaweza kulijibu swali lake bila kusoma wala kuuliza, bado ni kubwa mno. Kama watu wote wenye akili timamu watakubaliana na jibu lake, hilo si swali la insha ya hoja. "Je, lishe bora ni muhimu?" linaanguka kwa vipimo vyote viwili.

Kosa la upande wa pili hutokea kwa wanafunzi wa sayansi: wanakata hadi wanabaki na jaribio la maabara. "Kiwango bora cha naitrojeni kwa mahindi" ni swali zuri la idara nyingine. Katika somo la uandishi lazima kubaki uamuzi wa mtu na mgongano wa masilahi.

Wasifu wa chakula kimoja

Walimu wengi huanza na shajara ya mlo: andika kila ulichokula kwa siku tatu. Zoezi hilo liache. Darasani huwa yupo mwanafunzi mwenye uhusiano mgumu na kula, na yupo anayelala bila kula mwisho wa mwezi. Wote wawili watalazimika kudanganya au kujianika. Mwambie kila mmoja achague chakula kimoja tu, kisiwe lazima kile alichokula, na kisihusishwe na kiasi wala kalori.

Kikiwa ni chakula cha pakiti, aanze na lebo. Viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinataka viambato vipangwe kwa uzito, kikubwa kikitangulia. Kanuni hiyo peke yake inazaa aya nzuri. Juisi yenye picha ya embe mbele na orodha inayoanza na maji na sukari inamfundisha mwanafunzi kusoma pengo kati ya picha na maandishi.

Kisha achore hatua zote kutoka shambani hadi mezani, na kila hatua aandike amejuaje. Atafika mahali hajui: mafuta haya yametoka mbegu za nchi gani, nani alisaga, yalikaa ghalani muda gani. Asipajaze kwa kubahatisha. Alama nyingi zaidi za kazi hii ziende kwa namna anavyopaeleza mahali taarifa zinapokatikia na sababu zake. Wanaozoea kupewa alama kwa "kumaliza" watahangaika kidogo, kwa hiyo waambie mapema.

Kuifuata namba

Hii ndiyo kazi inayobadilisha uandishi wao kuliko zote, na inastahili muda zaidi ya unaofikiria. Kila mwanafunzi anachagua namba moja inayorudiwa sana kuhusu chakula, kisha anaijibia maswali matano: nani alihesabu, lini, alihesabu nini, kwa kipimo gani, na aligawanya kwa nini. Swali la mwisho ndilo linalorukwa zaidi. Asilimia bila kigawanyo ni sauti tu.

Fanyeni mfano mmoja pamoja ubaoni. Unaofaa zaidi ni ule usemao theluthi moja ya chakula duniani hupotea au kutupwa. Namba hiyo ilitolewa mwaka 2011 na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na makadirio ya tani bilioni 1.3 kwa mwaka. Mwaka 2019 FAO hiyohiyo ikatoa makadirio mengine: takriban asilimia 14 hupotea baada ya mavuno hadi kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Mwaka 2024 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikaeleza kuwa asilimia 19 ya chakula kinachowafikia walaji hutupwa madukani, kwenye huduma za chakula na majumbani, yaani tani bilioni 1.05 kwa mwaka 2022.

Kila mara atatokea mwanafunzi atakayejumlisha 14 na 19, apate 33, na kutangaza kwamba theluthi imethibitika. Usimkatize haraka. Waulize wenzake 14 ni asilimia ya nini. Ile ya FAO ilipimwa kwa thamani ya fedha, ile ya UNEP kwa uzito, tena ikijumlisha sehemu zisizoliwa kama maganda na mifupa. Vigawanyo navyo ni tofauti: kimoja ni chakula kilichozalishwa, kingine ni chakula kilichomfikia mlaji. Asilimia za vitu viwili tofauti hazijumlishwi, hata zikileta jibu linalopendeza. Darasa likishaliona hili kwa macho yake, huhitaji tena kuhubiri juu ya umakini wa vyanzo.

Zipo nyingine zinazofaa kugawiwa vikundi. FAO ilieleza mwaka 2014 kwamba mashamba ya familia huzalisha takriban asilimia 80 ya chakula duniani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ukaonyesha kuwa mashamba yasiyozidi hekta 2 huzalisha takriban asilimia 35. Waandishi wengi huichukua 80 na kuwapa "wakulima wadogo", ilhali shamba la familia linaweza kuwa na mamia ya hekta. Namba zote mbili zina mahali pake. Kosa liko kwa anayehamisha jina kutoka moja kwenda nyingine. Vivyo hivyo na gesi joto, zile zinazoongeza joto duniani kutokana na shughuli za binadamu: asilimia 14.5 iliyotolewa na FAO mwaka 2013 ni ya mifugo, na asilimia 34 ya utafiti wa mwaka 2021 ni ya mfumo mzima wa chakula, kuanzia ardhi hadi taka. Na wale wa maji watakutana na lita zaidi ya 15,000 kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Waulize ni maji gani. Wakifika kwenye hesabu yenyewe watakuta zaidi ya asilimia 90 ni mvua iliyonyesha kwenye malisho na mashamba ya chakula cha mifugo, si maji ya bomba wala ya mto. Je, hoja yao bado inasimama? Wakati mwingine inasimama, ila lazima iandikwe upya.

Kwa takwimu za uzalishaji, waelekeze FAOSTAT, hifadhi ya takwimu za FAO mtandaoni. Ni ya bure na mfululizo wake mwingi unaanzia 1961. Wafundishe kuangalia safu ya alama pembeni ya kila takwimu, inayoonyesha kama ni takwimu rasmi ya nchi au ni makadirio. Mwanafunzi anayechora mstari mzuri wa miaka ishirini bila kuona kwamba miaka minane kati ya hiyo ni makadirio anachora hewa.

Vipimo navyo vinaangusha watu kila muhula. Hekta moja ni takriban ekari 2.47, hivyo mavuno ya tani 2 kwa ekari na tani 2 kwa hekta ni mashamba mawili tofauti kabisa. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takriban kilo 65 za mchele, kwa hiyo anayelinganisha mavuno ya mpunga na ulaji wa mchele bila kubadilisha amezidisha chakula kwa nusu nzima. Mahindi ya gunzi si mahindi yaliyopukuchuliwa. Taka karatasi ya mahesabu iambatishwe, hata kama ni mistari mitano ya mkono.

Mpe kila mmoja saa mbili za kutafuta chanzo cha awali. Asipokipata, hayo nayo ni matokeo: aandike namba ilivyopokezanwa, nani alimnukuu nani, na mnyororo ulikatikia wapi. Ukimnyima alama kwa kushindwa kufika mwisho, mwenzake atakayemfuata atajifanya amefika.

Mahojiano

Swali la kwanza la wanafunzi wengi huwa "Mabadiliko ya tabianchi yanakuathiri vipi?" Swali hili limeshajibiwa kabla mkulima hajafungua mdomo. Atasema yanamwathiri, kwa adabu tu. Badilisha: "Msimu uliopita ulipanda lini? Na msimu huu? Kwa nini ulibadilisha?" Hapo atasikia habari za mvua, lakini pengine pia za trekta lililochelewa, mbegu zilizokosekana, au mkopo uliotoka baada ya wakati. Uuzaji nao uulizwe kwa tukio: mara ya mwisho aliuza kilo ngapi, kwa nani, na alijuaje bei.

Maswali manane yanatosha kwa dakika 40. Ujazo wa kienyeji, uwe gunia, debe au ndoo, ubadilishwe kuwa kilo palepale, kwa sababu gunia moja si sawa na lingine, na lililojazwa hadi kufura juu ni mjadala mwingine. Ukubwa wa shamba nao mara nyingi ni makisio. Aandike "kwa makadirio yake".

Ridhaa ni lazima. Mwanafunzi ajitambulishe, aseme kazi ni ya darasa, aulize kama jina litumike, na akubali kukataliwa. Awape nafasi pia watu wasiomiliki shamba: kibarua wa kuvuna, mpakiaji, mpishi wa kantini, mwanamke anayelima ardhi isiyo na jina lake. Darasa lote likienda kumhoji mwenye shamba tu, insha zote zitakuwa na macho ya mwenye shamba. Na angalia kalenda: ukipanga mahojiano wiki ya kupanda au kuvuna, wanafunzi watarudi mikono mitupu, na haki yao.

Insha ya hoja

Dai liandikwe kwa sentensi moja yenye sehemu nne: kitu fulani kinaleta badiliko fulani, kwa sababu fulani, isipokuwa pale ambapo hali fulani ipo. Sehemu ya "isipokuwa" ndiyo yenye akili. Kwa mfano, anayetaka kuandika kwamba kilimo hai, yaani kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, kinaweza kulisha dunia, na anayesema hakiwezi, wote wausome uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2012. Ulikuta mavuno ya kilimo hai yapo chini kwa asilimia 5 hadi 34 kutegemea zao na mazingira. Kati ya 5 na 34 kuna insha nyingi. "Kilimo hai kwa ujumla" hakina hata moja.

Kwenye mada ya njaa, wakataze kuanza na "chakula ni kidogo" kama jambo lisilohitaji ushahidi. Mkutano wa dunia kuhusu chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulitoa maelezo ya uhakika wa chakula yanayotajwa hadi leo, na wataalamu huyagawa kwa nguzo nne: upatikanaji, uwezo wa kukifikia, matumizi mwilini, na uthabiti wa hayo yote. Mchumi Amartya Sen alikuwa ameshaonyesha mwaka 1981, akitumia njaa ya 1943 katika jimbo la Bengal, India, miongoni mwa mifano yake, kwamba watu wanaweza kufa njaa bila chakula kuwa kimepungua sana, kwa kukosa tu uwezo wa kukinunua. Mwanafunzi aseme anazungumzia nguzo ipi. Nusu ya ubishi wa darasani huisha papo hapo, kwa kuwa walikuwa wakibishana juu ya nguzo mbili tofauti.

Mapinduzi ya kijani, yaani kuenea kwa mbegu za mavuno mengi pamoja na mbolea na umwagiliaji, yanafaa kwa zoezi la kupinga. Mtaalamu wa mazao Norman Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano. Wapo wanaohesabu mavuno yaliyoongezeka, na wapo wanaohesabu maji ya ardhini yaliyoshuka na madeni ya pembejeo. Mpe kila mwanafunzi aandike aya moja bora kabisa ya upande asioupenda, isomwe na anayeuamini upande huo. Asipojitambua ndani yake, aya irudiwe.

Kusomeana rasimu kuwe na kazi maalumu za dakika 20: pigia mstari dai, zungushia kila namba na uandike pembeni nani alihesabu, andika pingamizi moja ambalo mtu aliye kwenye mnyororo huo angelitoa. Maoni ya "nzuri, rekebisha sarufi" hayapewi alama. Ongeza sheria ndogo ya lugha: kila penye "wadau" pawekwe watu wenyewe, na kila penye "changamoto" pasemwe ni tatizo gani. Sheria hiyo peke yake huwalazimisha kurudi kwenye daftari la mahojiano.

Programu za akili mnemba huandika insha za kilimo kwa ufasaha na hutaja vyanzo ambavyo havipo. Badala ya kuwawinda wanaozitumia, dai vitu vinavyotokana na kazi yenyewe: namba ya ukurasa kwa kila chanzo, maelezo ghafi ya mahojiano, na karatasi ya mahesabu.

Waraka wa ukurasa mmoja

Maneno 400 kwa mtu mwenye cheo: meneja wa kantini ya chuo, mwenyekiti wa chama cha ushirika, ofisa wa soko. "Serikali" si mtu. Waraka uombe jambo moja, useme nani atalifanya, litahitaji fedha au saa ngapi kwa makadirio, na litajulikanaje kama limefanikiwa. Anayeshindwa kukadiria gharama hajui anachoomba. Mrudishe kwa aliyemhoji. Barua zikishasahihishwa zitumwe kweli, lakini kwanza kila aliyehojiwa asomewe sehemu inayomtaja. Tenga wiki ya 13 kwa hilo. Watu hubadilisha mawazo wakisikia maneno yao yakisomwa kwa sauti, na kila anayeondoa sentensi yake ana haki nayo, hata ikiwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.